Baiolojia ipi? Njia za sayansi ya uhai katika koleji za jamii za Texas

Mtu akifika Houston au Dallas, akapata kazi ghalani au ya kuhudumia wazee, akatulia mwaka mmoja kisha akasema sasa anarudi shule, jamaa zake humpa ushauri uleule: anza koleji ya jamii, ada yake ni nafuu, ukimaliza miaka miwili unahamia chuo kikuu. Si ushauri wa uongo, ila umekatwa nusu. Anayesomea biashara anaweza kuufuata hivyohivyo na akafika. Anayesomea baiolojia akiufuata hivyohivyo anaweza kujikuta mwaka wa tatu ana krediti 70 (krediti ni kipimo cha uzito wa masomo uliyopita), gredi nzuri, na somo la kwanza la kemia bado hajaligusa.

Mkanganyiko unaanzia hapa: koleji haina baiolojia moja. Inazo kadhaa, zote zimeandikwa BIOL kwenye ratiba, zote zina maabara, pengine mwalimu ni mmoja, lakini kila moja inampeleka mwanafunzi mahali pake. Anayejua anakotaka kufika atachagua bila shida. Asiyejua atachagua kwa saa za ratiba, yaani kipindi kisichogongana na zamu ya kazini, na hapo ndipo mambo huharibika.

Kwanza koleji yenyewe. Ni chuo cha umma kinachoendeshwa kwa fedha za jimbo, ada, na kodi ya nyumba na ardhi ya wakazi wa eneo lake. Ndiyo maana ada ina ngazi: aliye ndani ya wilaya ya koleji hulipa kidogo, Mtexas wa wilaya nyingine hulipa zaidi, na wa nje ya jimbo au nchi hulipa zaidi ya hapo. Kuhesabiwa kuwa mkazi wa Texas kwa kawaida kunataka uwe umeishi humo miezi 12 kabla ya kujiandikisha. Koleji ya umma kongwe kuliko zote za aina hii ni Joliet, jimbo la Illinois, ya mwaka 1901. Leo nchi nzima zipo takriban elfu moja.

Mlango wake hauna bawabu. Hakuna anayekuuliza kama ulisoma PCB (fizikia, kemia na baiolojia) au ulipata Division ya ngapi, wala kama KCSE yako ya Kenya ilifika C+. Cheti cha sekondari kinatosha. Wanachopima ni kiwango chako cha Kiingereza na hisabati, ambacho Texas hukipima kwa mtihani uitwao TSI, na ukipungukiwa unasoma somo la kukusaidia sambamba na lile la kawaida. Shahada ya miaka miwili huwa na krediti 60 hivi, nusu ya zile 120 za shahada ya kwanza. Humohumo ndani ya koleji kuna mafundi umeme, wapishi na watu wa magari, kwa hiyo usishangae ukitoka maabara ya DNA ukakutana na wachomeleaji wanakunywa kahawa.

Kusoma namba

Texas ina mfumo wa pamoja wa namba za masomo unaotumiwa na koleji zake zote za umma, na dakika tano za kuuelewa zitakuokoa miezi. Chukua BIOL 1406. Tarakimu ya kwanza ni ngazi: 1 ni mwaka wa kwanza, 2 ni wa pili. Tarakimu ya pili ni krediti, kwa hiyo somo hili lina krediti 4. Mbili za mwisho zinalitambulisha somo lenyewe. Koleji nyingine hulipasua vipande viwili, 1306 ya mihadhara na 1106 ya maabara. Jumla ni ileile.

BIOL 1406 ndiyo baiolojia ya wanaosomea sayansi. Inaanza na kemia ya uhai: maji, protini, mafuta, wanga. Kisha seli na utando wake, vimeng'enya, usanisinuru, upumuaji wa seli, mgawanyiko wa seli, urithi wa Mendel, na namna DNA inavyosomwa hadi ikawa protini. BIOL 1407 inaifuata kwa mageuko ya viumbe, makundi ya viumbe, mimea, wanyama na ikolojia. Mbili hizi ndizo zinazotambuliwa na idara za baiolojia za vyuo vikuu; Texas A&M, kwa mfano, inaziita BIOL 111 na 112.

BIOL 1408 ni baiolojia ya wasiosomea sayansi. Mwanasheria mtarajiwa, mwalimu wa historia, mtu wa benki, wote wanatakiwa kuonja sayansi kidogo ili wapate shahada, na hili ndilo onjo lao. Ni somo halali, lina krediti 4, lina maabara. Lakini idara ya baiolojia ya chuo kikuu haitalipokea badala ya 1406. Wapo wanaolichagua kwa kusikia kwamba ni jepesi, wakapata A, kisha mshauri wa chuo kikuu akawaambia kwa upole kwamba waanze upya.

Kisha zipo BIOL 2401 na 2402, anatomia na fiziolojia ya binadamu. Hizi ni za wauguzi, wasaidizi wa tiba ya viungo, wataalamu wa eksirei, wasafishaji wa meno. Mtu anayetaka uuguzi akisikia mwenzake "anasoma baiolojia" hudhani wako njia moja. Hawako. Anatomia hii kwa kawaida haihesabiwi katika shahada ya baiolojia isipokuwa kama somo la ziada, na 1407, pamoja na minyoo yake na ferni zake, programu nyingi za uuguzi haziiulizi. Hata mikrobaiolojia imegawanywa: 2420 ni ya afya, 2421 ni ya wanasayansi. Tofauti ya namba ni moja tu, na mtu aliyechoka akijiandikisha kwa simu usiku wa manane haioni.

Kwa hiyo swali la kwanza halihusu somo lipi ni gumu. Unataka leseni ya kazi, unataka shahada ya kwanza ya sayansi, au unataka tu kutimiza sharti la shahada nyingine? Ukijibu hilo, namba zinajichagua zenyewe.

Kemia ndiyo saa

Anayetaka shahada ya baiolojia hudhani kwamba muda wake utaamuliwa na baiolojia. Hapana. Katika miaka miwili ya kwanza baiolojia ya lazima ni mihula miwili tu. Kinachoamua muda ni kemia, kwa sababu masomo yake yameshikana mkono na hayarukwi.

Tazama msururu wenyewe. Kemia ya kwanza, CHEM 1411, inataka uwe umepita aljebra ya koleji, MATH 1314, au uwe unaisoma muda uleule, kutegemea koleji. Baada ya 1411 ndiyo 1412. Baada ya 1412 ndiyo kemia ya kikaboni, 2423, kisha 2425. Aliyeanza na aljebra peke yake muhula wa kwanza, akapita kila somo kwa mara ya kwanza, anamaliza kemia ya kikaboni muhula wa tano. Miaka miwili ina mihula minne. Hapo hatujamtaja aliyeanzia hisabati ya chini, wala aliyerudia 1412. Na huko chuo kikuu, jenetiki, baiolojia ya seli na baiokemia zinasubiri kemia hiyohiyo. Ukifika huko na krediti 60 zisizo na kemia, karatasi zinasema uko mwaka wa tatu, lakini masomo unayoruhusiwa kuchukua ni ya mwaka wa kwanza.

Ndiyo maana ushauri wa "maliza kwanza yale rahisi" unawaumiza wanasayansi. Texas ina kitita cha krediti 42 za masomo ya jumla: uandishi wa Kiingereza, historia ya Marekani krediti 6, siasa na serikali krediti 6, sanaa, hisabati na mengineyo. Ukikimaliza chote, chuo kikuu cha umma cha Texas lazima kikipokee kizimakizima. Ni faida kubwa, na washauri wa koleji huisifu kwa haki. Lakini mwanafunzi wa baiolojia anayekimaliza chote kwanza atakuwa ametumia maji yake yote ya kunywa kabla ya kuingia jangwani: kila muhula uliobaki utakuwa wa kemia, fizikia na baiolojia, maabara tatu kwa mpigo, bila somo hata moja la kupumulia. Bora historia moja na kemia moja kila muhula, kuanzia ule wa kwanza hesabu yako itakaporuhusu.

Kukubaliwa si kuhesabiwa

Vyuo vikuu husema: krediti zako zote tumezikubali. Mwanafunzi hufurahi, hupiga simu nyumbani. Baadaye hugundua kwamba krediti 62 zimeingia kwenye rekodi yake, lakini 41 tu ndizo zinazopunguza shahada yenyewe. Zilizobaki zimekaa pale kama masomo huru, hazidaiwi wala hazisaidii.

Hapa pana mambo mawili yanayochanganywa. Kukubaliwa maana yake ni kwamba chuo kikuu kinatambua kuwa ulisoma somo hilo mahali halali. Kuhesabiwa maana yake ni kwamba idara yako inalitumia kutimiza sharti fulani la shahada. Namba za pamoja za Texas zinasaidia sana kwenye la kwanza. La pili linaamuliwa na idara, na idara mbili za jengo moja zinaweza kutofautiana.

Hasara yake si ya kufikirika. Ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO, ilikadiria mwaka 2017 kwamba wanafunzi waliohama vyuo kati ya 2004 na 2009 walipoteza kwa wastani asilimia 43 ya krediti zao. Hao ni wahamaji wa kila aina, si wa koleji za jamii peke yao. Kuhusu koleji zenyewe, ripoti ya mwaka 2024 iliyofuatilia wanafunzi wa nchi nzima ilionyesha kuwa takriban theluthi moja ya wanaoanza humo huhamia chuo cha miaka minne, na 16 hivi tu kati ya 100 hupata shahada ya kwanza ndani ya miaka sita. Si wote waliobaki walioshindwa na seli au DNA. Wapo waliochoka njiani: kazi, watoto, na masomo yaliyolazimika kurudiwa kwa jina jingine.

Kupoteza krediti Texas kuna gharama ya pili isiyotangazwa sana. Ukipita krediti 30 zaidi ya zile shahada yako inazotaka, chuo kikuu cha umma kinaruhusiwa kukutoza ada ya juu. Somo ukilichukua mara ya tatu, koleji inaweza kukutoza zaidi. Na tangu 2007 sheria inamzuia mwanafunzi wa shahada ya kwanza kuacha katikati zaidi ya masomo 6, koleji na vyuo vikuu vya umma vikijumlishwa, isipokuwa ana sababu kama ugonjwa au msiba wa mtu wa karibu. Kuna siku moja ya kuijua kwenye kalenda: katika muhula wa kawaida ni siku ya 12 ya masomo. Ukiacha somo kabla yake, halionekani kwenye rekodi. Ukiliacha baadaye, linabaki na herufi W na linaingia kwenye hesabu ya sita.

Wenye uraia au grini kadi wanaweza kuomba ruzuku ya serikali kuu iitwayo Pell, isiyorudishwa. Kiwango chake cha juu mwaka wa masomo 2025–26 ni dola 7,395, na kwa wengi hiyo inatosha ada ya koleji na kubakiza nauli. Lakini Pell ina ukomo wa maisha, sawa na mihula 12 ya masomo kamili. Kila muhula uliotumika kwa BIOL 1408 usiyoihitaji umekatwa humo. Aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi, F-1, hapati Pell kabisa, na lazima asome angalau krediti 12 kila muhula wa kawaida, awe amejiandaa au hajajiandaa.

Ndani ya darasa

Aliyesoma PCB Tanzania, au aliyepata Diplôme d'État ya Congo upande wa biokemia, hatashangazwa na mada za 1406. Nyingi atazitambua hata kama alizisoma kwa Kifaransa, kwa kuwa majina ya kisayansi ni ndugu. Kitakachomshangaza ni namna alama zinavyokusanywa. Nyumbani, NECTA au mtihani wa taifa ndio uliobeba kila kitu, na watu wamezoea kukaza mkanda mwezi wa mwisho. Hapa hakuna mwezi wa mwisho. Kuna jaribio dogo kila wiki, kazi ya mtandaoni inayofungwa saa sita kasoro dakika moja usiku, ripoti ya maabara, mtihani wa wiki ya nne, wa wiki ya nane, na kadhalika, kila kimoja na asilimia yake kwenye silabasi. Mtu mwenye akili nyingi huanguka kwa sababu alikuwa anasubiri mtihani mkubwa ambao haukuja.

Maabara za anatomia zina aina yake ya mateso. Katika mtihani wa vitendo, mifupa, mifano ya misuli na viungo halisi vilivyohifadhiwa hupangwa mezani, kila kimoja kimechomekwa pini au kibandiko chenye namba. Wanafunzi huzunguka kituo baada ya kituo, dakika chache au moja tu kila mahali, wakiandika jina la kilichoonyeshwa. Mwili una mifupa 206 na misuli zaidi ya 600. Hutaulizwa yote, lakini hujui yapi. Tahajia inahesabiwa, na majina mengi ni ya Kilatini na Kigiriki. Hapa, kwa maoni yangu, mgeni hana hasara anayodhani anayo. Mmarekani aliyeketi karibu naye hakuzaliwa akijua *sternocleidomastoid*, msuli wa shingo. Wote wanaanza sifuri.

Baadhi ya maabara hupasua paka, moyo wa kondoo au kitoto cha nguruwe kilichohifadhiwa. Mwislamu asiyetaka kushika nguruwe amwambie mwalimu wiki ya kwanza, maana wiki ya kwanza ni rahisi kupangiwa kielelezo kingine au mifano ya plastiki, na siku ya upasuaji wenyewe ni ugomvi usio wa lazima.

Muda ndio adui mwenyewe. Somo la krediti 4 kama 1406 au 2401 lina saa 96 za darasa na maabara. Katika muhula wa wiki 16 hizo ni saa 6 kwa wiki, zinabebeka. Katika muhula wa kiangazi wa wiki 5 ni saa 19 kwa wiki, kabla hujafungua kitabu. Anayefanya zamu za usiku kwenye nyumba ya wazee asichukue anatomia kiangazi, hata kama rafiki yake aliiweza. Rafiki yake pengine hakuwa na zamu.

Kitabu angalau si tatizo tena. Chuo Kikuu cha Rice, kilichopo Houston hapohapo, ndicho nyumba ya OpenStax, mradi unaotoa bure kwenye intaneti vitabu kamili vya baiolojia, anatomia, mikrobaiolojia na kemia. Mtu aliyeko Kigoma au kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, anaweza kuanza kuvisoma leo bila kujiandikisha popote.

Uuguzi na udaktari

Wauguzi waliosoma miaka miwili koleji na waliosoma minne chuo kikuu hufanya mtihani mmoja wa leseni, NCLEX-RN. Ndiyo maana njia ya koleji inapendwa. Ila hiyo miwili huanza kuhesabiwa siku unapopokelewa kwenye programu, na kupokelewa kunakuja baada ya anatomia zote mbili, mara nyingi na mikrobaiolojia. Nafasi ni chache, ushindani ni wa gredi za sayansi, na programu nyingi hazipokei sayansi iliyosomwa zaidi ya miaka 5 au 7 iliyopita. Aliyepata C kwenye 2401 kwa kuharakisha amejiumiza kuliko aliyechelewa muhula mmoja akapata A.

Udaktari ni hesabu nyingine kabisa, na hapa wazazi wa nyumbani hupotoka zaidi. Tanzania, kijana hutoka Kidato cha Sita akaingia moja kwa moja kusomea udaktari wa miaka mitano. Marekani, kwa kawaida, ni shahada ya kwanza, kisha mtihani wa kuombea nafasi uitwao MCAT, kisha shule ya udaktari ya miaka minne, kisha mafunzo ya hospitali. Koleji inaweza kuwa mwanzo mzuri, mradi masomo ya juu ya sayansi yafanywe chuo kikuu, kwa sababu shule za udaktari hutaka kuona kwamba gredi hazikushuka huko. Nyingi kati yake hazipokei kabisa walio kwenye viza ya mwanafunzi, jambo ambalo familia inayouza shamba ili kumsafirisha kijana inapaswa kulisikia kabla shamba halijauzwa.

Kwamba njia ya koleji inafika mbali, halina ubishi. J. Craig Venter, aliyeongoza kampuni ya Celera katika kusoma jenomu ya binadamu, yaani DNA yake yote, iliyotangazwa mwaka 2000, alirudi kutoka vita vya Vietnam akaanza katika koleji ya jamii ya San Mateo, California, kisha akahamia chuo kikuu San Diego.

Mshauri wa koleji ni mtu wa kuheshimiwa, lakini ana mamia ya wanafunzi na hajui kila sharti la kila idara ya kila chuo kikuu. Anayejua ni mshauri wa idara unayotaka kuhamia, na hulazimiki kusubiri uhamie ndipo umwandikie. Mwandikie barua pepe muhula wa kwanza. Usimuulize kama krediti zako zitakubaliwa, maana atajibu ndiyo. Muulize hivi: nikija na masomo haya, na haya, na haya, yapi yatatimiza sharti gani la shahada yangu, na nitabakiwa na mihula mingapi? Taja tarakimu zote nne za kila somo. Jibu likija, lihifadhi pamoja na silabasi za masomo uliyomaliza, kwa sababu idara ikibadilisha mawazo miaka miwili baadaye, silabasi ndiyo inayoombwa.